Nilimwambia Anapona

Kuna watu hapa Kalemie wakiona pikipiki yangu imesimama mbele ya nyumba, wanaanza kuulizana mazishi ni lini. Siwalaumu sana, ingawa wananiudhi. Kazi yangu ni kuwatembelea nyumbani wagonjwa ambao hospitali imewarudisha kwa sababu haina la kufanya tena. Ninawapelekea mofini ya maji ya kutuliza maumivu, ninaosha vidonda, ninawafundisha watoto namna ya kumgeuza mzazi bila kumchubua ngozi. Wagonjwa wangu hawaponi. Hilo ninalijua kabla sijapiga hodi, na ndiyo maana habari hii inanitia haya mpaka leo.

Mgonjwa alikuwa mama mmoja mjane, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyekaa ng'ambo ya mto Lukuga kwa mtoto wake wa kiume. Saratani ilianzia kwenye shingo ya kizazi ikaenea tumbo zima. Siku ya kwanza nilimkuta amejikunja mkekani, ameuma kitenge ili asipige kelele. Kabla sijaingia kwake, yule mtoto alinivuta pembeni.

"Mama muganga, nakuomba, usimuambie. Muntu akiambiwa anakufa, njo anakufa kweli."

Ombi hilo nimelisikia karibu kila nyumba. Nilimjibu kama ninavyowajibu wote: asichoniuliza sitamwambia, lakini akiniuliza sitamdanganya. Nilijiona mtu wa maana sana nikisema hivyo.

Mofini ilimfaa haraka. Wiki ya pili nilimkuta nje kivulini, anachambua mchanga kwenye ndagala na kumgombeza mkwe wake kwamba hajui kuanika. Aliponiona alisema nimekonda, nitafute mwanaume mwenye mtumbwi. Tukacheka. Nilifurahi, kwa kweli. Furaha ni adimu katika kazi hii, ikija unaishikilia kwa mikono miwili.

Siku hiyohiyo alinieleza habari ya binti yake. Miaka kadhaa nyuma, binti alimfuata mchimba madini mpaka Manono, na mama kwa hasira akamtamkia kwamba tumbo lililomzaa halimjui tena. Tangu hapo binti alipoteza mimba mbili. Walikwisha kusameheana kwenye simu. Pasta naye alikwisha kuomba, na mama akaitika amina kwa sauti. Lakini kwao neno baya la mzazi huondolewa na mzazi mwenyewe, kwa kinywa kilekile: anatia maji mdomoni, anamtemea mtoto kifuani, anasema amelirudisha.

"Na maji haipiti mu simu," alisema. Kisha akaacha ndagala akanitazama. "Mama muganga, sasa uniambie. Amefunga muzigo, anataka kukuja. Njia ni mubaya, mvua inanyesha kila siku. Akuje, ao angoje kiangazi? Kama niko napona, nitaenda kwake mwenyewe."

Swali lilikuwa wazi kabisa. Mtoto wake wa kiume alikuwa amesimama mlangoni ananikazia macho, lakini sitamsingizia yeye. Ni mimi niliyeutazama uso ule uliokuwa umetulia baada ya miezi ya maumivu, nikashindwa kuuharibu.

"Angoje, Mama," nikasema. "Uko unapona."

Alipiga simu palepale mbele yangu. "Fungua muzigo, mwanangu! Muganga anasema napona. Kiangazi nitakuja mwenyewe, utanipeleka nione ile barrage ya umeme ya Piana-Mwanga." Nilimsikia binti akicheka upande wa pili. Nikapanda pikipiki yangu nikaondoka, na njiani nilijiambia kwamba wiki ijayo nitalirekebisha neno hilo.

Wiki hiyo ilipofika sikulirekebisha. Wiki iliyofuata maumivu yalirudi, miguu ikavimba, nikaongeza dawa. Ndipo nilipompigia simu binti mimi mwenyewe nikamwambia aje upesi. Aliondoka siku ile ile. Lakini kutoka Manono kwa pikipiki wakati wa mvua si mchezo. Siku ya pili simu yake haikupatikana tena. Baadaye tulijua kwamba yeye na mwenye pikipiki walikuwa wamekwama kabla ya mji wa Nyunzu, mto umefurika juu ya njia.

Mama aliomba kikombe cha maji kiwekwe karibu na kichwa chake. Hakukinywa, wala hakukubali kiondolewe. Mkwe wake alikuwa akiyabadilisha maji kila asubuhi. Wakati huo mama hakuweza tena kumeza vizuri, mimi nilikuwa ninamlowanisha midomo kwa kitambaa. Asubuhi moja alinishika kidole.

"Ulisema napona," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, labda hakukumbuka vizuri nilichomwambia.

"Nilikosa, Mama. Nilikudanganya."

"Basi umuambie mutoto akikuja," alisema, akafumba macho. Sikujua nimwambie lipi. Alifariki kesho yake kabla ya saa sita mchana. Kwa joto la huku hatuwezi kumweka maiti, tukamzika siku iliyofuata.

Siku mbili baada ya mazishi nilirudi kuchukua chupa ya mofini iliyobaki, kwa maana dawa hiyo haiachwi nyumbani. Nilimkuta mwanamke chini ya turubai la matanga, matope yamemkaukia mpaka magotini. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Kaka yake alikuwa amekwisha kumpa maneno matamu: mama alikubariki, mama alikufa kwa amani. Yeye akanitazama mimi.

"Ni kweli?"

Ningeweza kuitika kwa kichwa tu, kaka yake angenishukuru. Nikamwambia yote. Kwamba mama alimngoja na maji yake. Kwamba mama aliniuliza kama amwite, na mimi, nikijua vizuri, nikamzuia. Nililia nikisema, na hakuna aliyeninyamazisha.

Halafu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe kilichojaa.

"Mama mukubwa sina, mama mudogo sina, wa kusimama pahali pa Mama," alisema. "Wewe njo ulimulowanisha mudomo mpaka mwisho. Nitemee."

Nilimwambia mimi si wa ukoo wao, sina haki hiyo. Akanishikisha kikombe. Nilitia maji mdomoni, kilio kikanipanda, nikayameza. Alingoja. Nikatia tena, nikamtemea kifuani, nikasema neno la mama limerudi.

Alijifuta taratibu na ncha ya kitenge chake.

"Hii maji haiko ya Mama," alisema.

"Najua," nikamjibu.