Plau kwa Mjane, Ng'ombe kwa Mzee

Katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kemambo, tulikuwa na plau moja na ng'ombe wawili wa kulimia. Plau ilikaa kwenye ofisi ya kijiji, ng'ombe walilala katika zizi la jirani yangu. Desturi yetu ilikuwa neno moja tu: "Nimeshika." Ukishashika kitu cha kijiji, hunyang'anywi mpaka umalize kazi.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Ziliponyesha, mama mmoja mjane aliwahi ofisini alfajiri, akachukua plau. Wakati huohuo mzee mmoja alikuwa zizini akiwafungua ng'ombe. Kila mmoja alikwenda shambani kwake, akakaa kumngoja mwenzake alete kilichobaki.

Jua likapanda. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, nikaitwa. Nilianzia kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwambie yule mama alete plau. Nimeshika."

"Naye anasema ameshika."

"Basi aifunge kwa mbuzi wake, alime!"

Mama nilimkuta amekalia plau. "Na yeye alimie mikia ya hao ng'ombe," alisema, bila kucheka. Watoto wake walikuwa wadogo, ghala lake tupu. Udongo ungekauka kabla hajapanda ulezi, wasingekuwa na chakula.

Wote wawili walikuwa na haki, na kwa haki zao hakuna aliyelima. Nilisali kimoyomoyo, kisha nikarudi kwa mzee. Wanawe wakubwa walikwisha kulima sehemu ya shamba lake kwa jembe la mkono. Hasara yake ingekuwa ndogo kuliko ya mjane.

"Mzee, achia. Si kwamba umekosa."

"Leo naachia mimi. Na mwakani mtaniambia mimi tena?"

Swali lile lilinichoma. Nikamwahidi mbele ya wanawe kwamba msimu ujao hatatanguliwa na mtu. Akanikabidhi kamba ya ng'ombe.

Baadaye kijiji kilikubaliana: kila mtu aanzie zizini, na ambaye hajashika ng'ombe asiguse plau. Hatukukwama hivyo tena, namshukuru Mungu.

Ulezi wa mama ulistawi. Wa mzee ulichelewa, na sehemu kubwa ikakauka. Hakunilaumu hata mara moja. Msimu uliofuata, mvua ya kwanza iliponyesha, nilimpelekea ng'ombe na plau hadi mlangoni. Aliikagua nira kwa muda mrefu.

"Umekumbuka, balozi," alisema, akaenda kulima.