Herufi Sita za Muzamili

Kilichotoweka kwanza ni mvumo. Kwa zaidi ya miaka thelathini, aliyefika mji wa Arua, Uganda, jioni kwa barabara ya Onduparaka aliusikia juu ya mlango wa nyumba ya wageni, akainua macho, akasoma: KARIBU. Herufi sita za mirija ya kioo yenye gesi, nyekundu. Sasa watu wanapita pale bila kuinua macho.

Aliyezitunza ni Muzamili, fundi umeme, Mnubi wa Koboko. Aliyejua kupinda kioo kile alikwisha kufa. Herufi ikivunjika, basi. Kwa hiyo mwenye nyumba aliponunua bango la plastiki, Muzamili aliomba apewe herufi zake zikiwa nzima. Alipewa mpaka adhuhuri. Zitakazobaki, Aliga, fundi wa bango jipya, angezishusha kwa nyundo.

Muzamili alipanda ngazi saa nne. Chini, mkewe Zam alitandika mashuka aliyoyatarizi mwenyewe, akapanga na tabaga, zile sinia za ukili wanazofunikia chakula, ili kila herufi ilale katikati ya mbili.

Aliga alishika ngazi, akacheka. "Mzee, hii taa ulioa?"

"Nilioa. Na wewe hukuleta hata kuku."

K ilishuka. A. R. Kila moja Zam aliipokea kwa mikono miwili, hapumui.

Swichi kuu haikuzimwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na katika Arua aliyoizoea Muzamili, umeme ukikatika asubuhi haurudi mpaka jioni. Mkono wake ulijifunza hivyo, wala haukupata habari kwamba siku hizi umeme unarudi saa yoyote.

Alikuwa ameikumbatia I kifuani transfoma ya herufi zile ilipoanza kuvuma.

"Baba Shakira!" Zam alipiga kelele. "Umeme iko! Usiguse!"

Ncha ya waya wazi ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye kifundo cha mkono wake. Aliga aliiachia ngazi, akakimbilia ndani kutafuta swichi. Ngazi ikateleza kidogo. Zam akaikumbatia kwa mwili mzima.

"Tupa hiyo kitu! Shika ukuta!"

Hakuitupa. Alisimama kwa mguu mmoja na nusu, jasho likimwingia machoni, asithubutu kulipangusa.

Aliga akaipata swichi, mvumo ukakatika. Muzamili akashuka, kidato kwa kidato, akamkabidhi Zam ile I nzima. Kisha akajaribu kupanda tena. Miguu ilikataa. Akajaribu mara ya pili, Zam akamshika shati.

"Hizo mbili waachie. Mimi nikose taa, nisikose mume."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Aliga alimtazama, safari hii bila mzaha. "Mzee, nisamehe. Boss amesema."

Akachukua nyundo, akapanda. B ilivunjika kwa pigo moja, U kwa mawili.

Muzamili sasa anaishi Koboko, na anatengeneza redio na taa za sola akiwa ameketi; ngazi hapandi tena.