Jirani Yangu Anataka Sanda ya Mama Mkwe

Mhariri, jina langu lifiche vizuri, maana gazeti lako huku husomwa kwa sauti barazani, na jirani ninayemsema alikuwa hapitwi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mzaramo wa Kisarawe, niliyeolewa huku karibu na Mlandizi. Mume wangu ni mkulima, mpole kupita kiasi. Mkali ni mimi.

Jirani yetu ni Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge akabaki moja kwa moja, hana mke wala ndugu hapa. Nyote mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Basi huyu bwana aliufanya utani kuwa kazi. Akiepua chungu changu jikoni, utani. Akivaa kanzu ya mume wangu siku ya Idi, utani. Mume wangu hucheka tu, "Mwache, mke wangu, ndiyo mila." Mimi nikawa nameza.

Mama mkwe wangu alikuwa ameweka sanda yake sandukuni, bafta nyeupe na karafuu maiti ndani yake, kwa kuwa hakutaka kuzikwa na nguo ya kuomba. Siku moja tuko shambani, jirani akaingia akaichukua. Tukamwona maulidini ameipiga kilemba! Akamwinamia mama: "Shikamoo mama. Naona kufa hufi, nikasema nguo isije ikaliwa na mende." Watu wakavunjika mbavu. Mama akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, na mume wangu akakataa tumdai nguo: utani.

Mwezi haukuisha, mama akafariki. Mto Ruvu ulikuwa umefurika, duka la Mlandizi halifikiki, na jirani amesafiri kwenda kwao, kilemba kichwani. Tukamzika mama kwa shuka ya kitanda yenye viraka viwili. Viraka vile nilivishona mwenyewe, na mpaka leo naviona.

Hapo nikaapa. Siku ya kumi baada ya maziko nikatoka uani nikapiga yowe kwamba wasafiri wameleta habari, jirani amefia njiani. Mume wangu nilimwambia, "Ukinikana, narudi Kisarawe." Akanoa kisu. Tulichinja mbuzi wa jirani wote wawili, tukapika mchele wake, mwalimu akasoma khitma, watu wakalia machozi ya kweli. Kesho yake mchana, marehemu akatokea na fimbo yake. Nikamwita, "Karibu ule matanga yako, imebaki nyama ya shingo." Akafumbua mdomo aseme kitu, nikamvua kilemba mbele ya watu wote. Angefanya nini? Utani! Akacheka kwa midomo tu. Jamani nilifurahi, sitaficha.

Tangu siku hiyo jina lake ni Marehemu. Akitoa salamu anajibiwa, "Mungu akulaze pema." Aliyeanza kumjibu hivyo ni mimi.

Sasa anaumwa kweli. Amekonda, chakula hakipiti, na watu wananinyooshea kidole kwamba nimemchuria, kumlilia msiba angali hai. Juzi akaniita. Nikadhani atanilaani. Akasema, "Mtani, mimi sina mtu. Ile nguo niletee, mumeo anivishe nikifa."

Nikamwuliza, "Na mama tulimzika na nini?"

"Najua. Habari niliipata kivukoni. Siku ile nilikuwa nairudisha, mtani, ukanivua kabla sijasema."

Mtu aliyetania maisha yake yote, nitajuaje kama hapo alisema kweli? Mume wangu anaamini, anasema nimpe. Lakini mume wangu humwamini kila mtu. Sanda iko sandukuni na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Wasomaji, nishaurini. Nimpe, au naye azikwe kama mama? Jibuni upesi, mgonjwa hasubiri gazeti. Mimi viraka nimeshaanza kuvikata.