Matawi Aliyoyaacha Persis Shambani

"Mama Ishmael, hata kuni sasa unatunyima?"

Drusilla, jirani wa boma la juu, alimwuliza Persis hivyo akiwa ameshika kamba yake ya kufungia mzigo. Kwetu huku karibu na Magwagwa, mtu akipogoa chai, akina mama huja kuokota matawi ya kupikia. Hawaombi ruhusa. Ukikataa, utaitwa mchoyo.

Persis alikataa. "Yaache yalale hapo, mama. Pamoja na majani yake."

"Yalale? Kwani ni wagonjwa?" Drusilla alicheka, lakini kamba aliikunja kwa hasira. Sabato iliyofuata alikaa benchi lingine kanisani.

Persis ni mjane, na shamba lake liko kwenye mteremko mkali. Chai hiyo ndiyo inamlisha. Mara ya mwisho kupogoa, aliacha watu wabebe kila kitu, shamba likabaki safi kama uwanja uliofagiliwa. Sote tulimsifu. Mvua ikaja ikateremsha udongo mpaka mtoni, mizizi ikabaki nje, na mashina mengi ya upande wa chini yakakauka. Alijua haya yaliyobaki nayo yakikauka, hana lingine.

Basi safari hii jua likakaa, likakaa. Majani yaliyolala yakawa ya kahawia, na wapita njia wakasema, "Huyu mama anafuga nyoka." Yeye aliomba Mungu tu. Halafu alasiri moja ikashuka mvua ya mawe, barabara ikawa mto. Ilipokatika alikuja kwangu mimi jirani yake. "Twende wote," akaniambia. "Peke yangu naogopa kuangalia."

Barabarani maji yalikuwa mekundu mazito. Yaliyotoka kwake yalikuwa machache, tena karibu safi. Persis akainama, akafunua majani yaliyoanza kuoza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, na minyoo wakajikunja kukimbia mwanga. Visiki navyo vilikuwa vimetoa machipukizi, madogo madogo, kijani kabisa.

Aliketi palepale kwenye unyevu na gauni lake zuri, akacheka mpaka akalia. "Bwana asifiwe! Chai imeshika, dada yangu, imeshika!"

Kelele hizo zilimfanya Drusilla ashuke kuona kuna nini. Alishika udongo, akaunusa. "Na sisi tutapikia nini?" akauliza, sasa kwa upole.

Persis akamshika mkono. "Kuni njoo ukate kwa mikaratusi yangu ya kando ya barabara. Lakini majani haya ya chai, tafadhali, niachieni hapo yalipoanguka."