Yosefu Mwenye Upara

Jumuiya yetu hapa Nangara ni ya Mtakatifu Yosefu. Kila Majilio, majuma yale manne ya kuingoja Noeli, sanamu yake hulala nyumba hadi nyumba, kila familia na zamu yake, mpaka mkesha wa Noeli anapoingizwa pangoni kanisani kumngoja Mtoto. Sanamu tuliachiwa na sista mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Alitukabidhi ikiwa imefungwa kwenye khanga, akaondoka bila maelezo. Sisi ni jumuiya ya Yosefu, sanamu imebeba Mtoto Yesu na ua jeupe kama Yosefu wa kwenye picha, sasa hapo ungeuliza nini?

Ni kweli alikuwa na upara. Ndevu hana. Kanzu ya kahawia, kamba kiunoni. Mama yangu, ambaye ndiye mtunzaji wake, alikuwa na majibu yote: fundi seremala akizeeka anaota upara, ndevu amenyoa kwa sababu ya vumbi la mbao, na kamba ni ya kupimia. Hakuna aliyebisha. Mama yangu hubishani naye.

Kwa Yosefu mama alikuwa na ombi moja tu. Kaka yangu alikwenda Mirerani kuchimba madini, akawa anapiga simu siku za mwanzo, kisha simu ikawa haipatikani. Tumeuliza wachimbaji, polisi, hata makondakta wa mabasi. Wapi! Basi kila Majilio, zamu yetu ikifika, mama humfuta Yosefu vumbi kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, na kumwomba kwa adabu zote amrudishie mwanawe.

Mwaka jana, zamu yetu ilipofika, paroko mpya akaja na wanajumuiya kusali novena, zile sala za siku tisa, nyumbani kwetu. "Tumsifu Yesu Kristu," akasema, tukaitikia. Akaiangalia sanamu kando ya televisheni. Akaiangalia tena.

"Mama, huyu si Yosefu. Huyu ni Antoni wa Padua."

Mwenyekiti wa jumuiya akakohoa. Haki ya Mungu, miaka yote hiyo tumemchukua mtawa wa watu tukamweka na Bikira Maria kama mume! Kicheko kilinibana nikakimbilia jikoni kuangalia chai iliyokwisha kuiva. Nikiwa huko nikamsikia padre akimfariji mama: asihuzunike, Antoni ndiye anayeombwa kwa ajili ya vilivyopotea. Hata watu.

Kicheko kikaniishia palepale.

Wageni walipoondoka, mama akavuta kiti, akakaa mbele ya sanamu. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na sauti wala hakuipandisha.

"Yosefu nilikuwa namvumilia," akasema. "Nilisema labda hii si kazi yake, ana useremala wake. Kumbe ni wewe. Kazi ni yako, na umekaa hapa unanisikiliza tu?"

Asubuhi jirani akaja kumchukua, maana zamu ilikuwa yake. Mama akamwambia arudi salama, huyu haendi popote. Noeli ile pango lilikuwa na Bikira, ng'ombe, wachungaji, na nafasi tupu. Mwenyekiti alisema atakuja mwenyewe kumchukua. Hajaja.

Basi yuko kando ya televisheni mpaka leo. Mama ameacha kumbembeleza. Kila jioni humfuta vumbi, kuanzia upara kushuka chini, na akifika kwenye mkono uliobeba mtoto anasimama kidogo.

"Wa mwenzangu umempakata," anamwambia. "Wangu je?"