Risasi ya Nne

Fundi bunduki yule wa Wyoming hana haraka, hata kama mbweha ameshambeba mwanakondoo wa sita wa mteja wake. Orval, mfuga kondoo, alimtazama akikaza skrubu za darubini mpya ya kulengea juu ya bunduki kwa vidole viwili tu, kidogo huku, kidogo kule, kama mama anayemfunga mtoto vifungo vya shati, huku akipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Nyuma ya karakana fundi huyo wa kike alipiga risasi moja, akailaza bunduki kivulini, akanywa kahawa. Mtutu ulipopoa ndipo alipopiga ya pili. Kahawa tena, kisha ya tatu.

“Bibie, tutazeeka hapa!” Orval alinung'unika.

“Mbweha hatakusubiri mtutu upate moto, mzee. Ile risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ndiyo yake.”

Kwenye karatasi ya shabaha, matundu matatu yalikuwa yamegusana. Orval alipiga makofi. “Si nilisema! Ile darubini ya zamani ndiyo iliyokuwa ikinikosesha.”

Fundi alimpa mgongo, akavuta komeo la bunduki, akalirudisha, akamkabidhi. “Haya, ya nne piga wewe.”

Orval alilenga, akabana pumzi, akavuta triga. Ka! Fundi hakuwa ametia risasi, lakini mtutu uliruka mikononi mwa Orval kama umeumwa na nyuki, naye alikuwa amefumba macho yote mawili.

Fundi alimwaga masalia ya kahawa. “Darubini nimeshaifunga, mzee. Kilichobaki ni kukufungua macho.”