Halua Haiachwi

Mie mkono wangu mwepesi. Sisemi kwa kujisifu, wala sitaki mtu anionee huruma. Nnasema mapema ili anayesoma ajue amekaa na nani. Nshampiga fundi wa vigae mbele ya mlango wa msikiti. Nshamng'oa jino dereva wa teksi aliyegonga kizingiti cha duka letu. Na siku moja, nilipokwenda kutia saini karatasi za pango, nilimrushia karani mhuri wake mwenyewe ukampata puani. Tangu siku hiyo karatasi zote za duka zikawa kwa jina la mdogo wangu. Yeye ndiye mpole wetu, anajua kusubiri foleni, anajua kumwambia mtu "marhaba" na huku moyoni anamtukana. Mie nnajua kusonga halua, basi.

Leo jiko letu lipo palepale Mutrah, mtaa umejaa watu, na ndugu yangu hanijii. Si Idi, si msiba. Nikimpigia simu hupokea mkewe.

Duka liko kichochoro cha nyuma, hatua chache kutoka bandarini. Mbele chumba cha kuuzia, nyuma jiko. Baba alilifungua aliporudi kwa wazee wake Waarabu kutoka Unguja akiwa na mke, mtoto mmoja mchanga, ambaye ndiye mie, na sufuria la shaba ambalo watu wawili hawalikumbatii wakakutana mikono. Mdogo wangu alizaliwa hapahapa. Kwa miaka mingi kichochoro kilikuwa na roho. Halafu watu wakaanza kuhamia Mabela, nje ya mji, wakajenga majumba yenye mageti, wakawa wananunua halua kwenye maduka makubwa, baridi, imefungwa plastiki. Kichochoro kikabaki na makufuli. Paka wakawa wengi kuliko wateja, na paka wa Mutrah hawali halua.

Halafu ikaja zamu ya mtaa kufufuliwa na wakubwa wa mji. Wengine wataandika vizuri habari hizo, taa, maua, vibaraza. Mie nilikuwepo, na nnasema mtaa ule ulifufuliwa kwa nyundo. Toka asubuhi mpaka adhuhuri mashine zilikuwa zikipasua sakafu, vyombo vyetu vikicheza kwenye rafu. Dari la jirani lilishuka mchana kweupe likamvunja mtu bega. Milango ya mbao, ambayo wenyewe walishakufa, iling'olewa kwa mitaimbo, na kila mmoja ulilia ukitoka. Vumbi liliingia mpaka kwenye hiliki.

Na wenye mikahawa mipya nao hawakuja na salamu. Wawili walipigana kwa ajili ya kibaraza, nani aweke viti vyake upande wa kivuli. Viti viliruka, meza ikapinduliwa, mmoja akapasuliwa nyusi kwa sahani. Watalii walikuwa ndio kwanza wameshuka melini. Wakatoa simu zao, wakadhani wanachezewa ngoma. Nilisimama mlangoni na kahawa yangu nikafurahi, wallahi. Mtaa ambao watu wanapigania kivuli chake ni mtaa hai.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akawa kijana wa mkahawa, wa mashine za kahawa zinazofoka na keki zenye majina ya Kitaliani. Aliajiri dada mmoja wa Kiganda aoshe vyombo. Yule dada alikuwa kafanya kazi za ndani miaka, kwenye nyumba tatu, na kila nyumba ilimwachia alama ambayo haielezi. Alikuwa akipita mlango wetu wa nyuma na ndoo yake, anasema, "Baba, habari ya moto?" Mie namkatia kipande cha halua, naye anakula amesimama.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu, maana bila ya hilo yaliyotokea hayaeleweki.

Halua ya kuni husongwa kwa mwiko mrefu kama kasia, saa mbili na zaidi, bila kusita. Unga wa uwanga, maji, sukari, kisha samli unaitia kidogo kidogo, na toka ianze kuvuta, yaani kuwa nzito na kunata, mwiko hausimami. Ukisimama kidogo tu inashika chini, na ikishika chini sufuria zima linanuka moshi, khalas, ni ya kutupa. Ndiyo baba akatufundisha neno moja: halua haiachwi. Mtu akija kudai, haiachwi. Simu ikilia, haiachwi. Siku mama alipofariki, habari ilimkuta baba amesimama na mwiko. Alisonga mpaka mwisho, machozi yanaingia kwenye ndevu, ndipo akenda kuzika.

Na sisi watoto tulijifunza faida ya sheria hiyo. Baba alikuwa mtu wa mkanda, na mie tabia yangu sikuiokota njiani. Basi ukivunja kitu, ukifeli skuli, ukiiba, unangoja. Unangoja baba ashike mwiko na halua ianze kuvuta, ndipo unakwenda kusimama mbele yake, ng'ambo ya sufuria, unasema yote. Macho yanamtoka, mishipa inamsimama, lakini mkono hauachi. Mpaka halua ishuke motoni kachoka, jasho limemaliza hasira, na wewe unapona na tusi moja au mawili. Mdogo wangu alikuwa bingwa wa hilo. Alikuwa akisema mabaya yake na huku anatabasamu.

Tukakua, baba akafa, na desturi ikabaki. Mambo mazito ya nyumbani kwetu husemwa juu ya sufuria. Kwamba mkewe kaharibu mimba, mdogo wangu aliniambia hapo. Kwamba mwanangu wa kike hataki tena mume wake, nilimwambia hapo. Hatukuwahi kupigana jikoni, hata mara moja.

Siku ya kufungua mtaa rasmi wakubwa walitaka halua ya kuni, isongwe asubuhi ileile, wageni wale na kahawa jioni. Kwangu ilikuwa kama harusi. Tuliwasha kuni za mgunga mapema. Ndugu yangu alisonga mwanzo, mikono yake laini haina haraka, na ilipoanza kuvuta nikampokea kwa mwiko wangu, maana hapo panataka kifua. Akajifuta uso, akaweka mwiko wake pembeni, akazunguka sufuria akasimama mbele yangu. Nikajua papo hapo. Nikamwambia aseme.

Akasema kwa utaratibu, kama anasoma. Alikuwa ametia saini na mwenye nyumba na yule kijana wa mkahawa. Baada ya Idi ukuta utabomolewa, jiko liwe sehemu ya kukaa wateja wa kahawa. Chumba cha mbele kitabaki chetu. Halua itapikwa Mabela kwa gesi, iletwe kwa gari kila asubuhi. Na sufuria la baba litasuguliwa ling'are, litundikwe ukutani, watalii walitazame.

Nilikuwa nikisonga. Nilimwuliza kwa nini anifiche, duka ni letu sote. Akasema angenambia nyumbani ningempiga, na hapo hakukosea. Halafu akatabasamu, tabasamu lile lile la utotoni, akasema:

"Nakwambia sasa kwa sababu umeshika mwiko, kaka."

Nikautoa mwiko kwenye sufuria nikampiga nao.

Halua inayochemka haimwagiki ikapita, inanata. Aliinua mkono wa kulia ajikinge, ikamshika kutoka kiwiko mpaka vidole, na donge jingine likamwangukia shingoni. Nikapiga tena. Pigo la kwanza nnaweza kulieleza, la pili siwezi. Akaanguka juu ya magunia ya uwanga, akajaribu kuipangusa kwa mkono wa kushoto, na ule wa kushoto nao ukaungua. Alikuwa akipiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwa mtu mzima. Uwanga ulipanda hewani, yeye anagaragara ndani yake, mweupe kama aliyekwisha kuvikwa sanda.

Na hapo nikasikia sufuria. Halua ikiachwa hunguruma chini kabla haijaungua. Niliutupa ule mwiko niliompigia, nikachukua wa kwake, nikausukuma ndani mpaka chini, nikaendelea kusonga.

Nimejieleza mengi tangu siku ile. Kwamba nilipumbaa. Kwamba ni shetani. Uwongo mtupu. Akili zangu zilikuwa timamu. Nilikuwa nikiangalia rangi, nikaona samli haijatoka juu, nikaongeza kuni kwa mguu. Ndugu yangu alikuwa kama dhiraa nne kutoka kwangu. Sheria ileile niliyoivunja ili nimpige, ndiyo niliyoishika ili nimwache.

Wenye maduka walikuja mlangoni, wakachungulia, wakarudi. Si watu wabaya. Watu wetu wamelelewa na neno moja, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kila mmoja alikwenda kulima kwake. Aliyeingia ni yule dada wa Kiganda, kwa mlango wa nyuma, na ndoo yake. Alimmwagia maji, akaenda akarudi na nyingine, akaipasua kanzu yake ya dishdasha kwa meno, akamfunga kitambaa chake cha kichwani kilichorowa. Alifanya yote hayo bila kuniangalia. Alipomwinua ndipo akanigeukia.

"Baba, huyu ni damu yako. Acha hiyo kitu!"

"Haiachwi," nikamwambia.

Akatema mate kwenye moto wangu, akamtoa nje akimkokota, na bosi wake akawapeleka spitali kwa gari lake.

Mie nikatia zafarani. Nikatia marashi ya waridi, hiliki, lozi. Ilipotoka ilikuwa nyekundu, inang'ara, inateleza mwikoni bila kushika, halua ambayo baba mwenyewe sidhani kama aliwahi kuipata. Nikaipakua kwenye mabakuli. Nikafagia uwanga. Jioni wakaja wakubwa na makanzu yao na majoho, wakaja na watalii, wakala. Mzee mmoja aliyehama kichochoro zamani alifumba macho akasema ladha hii ndiyo iliyokuwa imepotea Mutrah. Watu wakanipa mkono, huu huu, nami nikawapa.

Mkataba haukufika popote. Yule kijana wa mkahawa aliichana nakala yake siku ya pili. Aliniletea salamu kwa mtu kwamba hataki ukuta wake uguse wangu, sembuse kuubomoa. Yule dada naye aliacha kazi, na tangu hapo hakuna anayeniuliza habari ya moto. Daktari alipomwuliza ndugu yangu, alisema aliteleza. Polisi walipomwuliza, aliteleza. Alinifichia mpaka mwisho, na mkono wake wa kulia haufungiki tena ngumi, wala haushiki mwiko, wala haushiki kalamu vizuri. Kwa hivyo nilipata kila nilichokipigania. Kila wiki kunakuja wageni melini wananipiga picha nikisonga, wananiuliza kwa ishara kwa nini miko ni miwili na mtu ni mmoja.

Nilikwenda spitali siku ya tatu. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na mie, mjinga wa watu, sikufikiri hata kidogo: nilibeba bakuli la halua ile. Nilipoingia ndipo nikaona nilichokibeba, nikakificha chini ya kiti kwa mguu. Alikuwa amelala chali, mikono yote miwili imefungwa na kuwekwa juu ya mito, shingo haigeuki. Mkewe aliponiona alitoka nje bila ya salamu.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima. Nipige magoti, nimbusu miguu, niseme mie ni mbwa. Yeye akatangulia, anatazama dari.

"Iliungua?"

Nilidhani ananitania. Alikuwa na tabia hiyo. Nikamtazama, hakuwa akitabasamu. Alikuwa akingoja, kama yule mtoto aliyekuwa akisimama ng'ambo ya sufuria, nimjibu neno moja tu.

"Haikuungua," nikasema. Na Mungu ananiona, nilisema kwa fahari. Nikamwambia na rangi yake ilivyotoka.

Aliifuata kwa macho dripu inayodondoka. Halafu akafumba macho.

"Ingeungua, kaka, ningekusamehe."

Nililivuta bakuli kwa mguu, nikaliokota, nikatoka nalo. Asubuhi yake nikawasha moto.